Bakuli la kuonja

Mwezi Mei 2022 mafuta ya maandazi yaliniruka yakaniunguza mkono wa kulia. Kwa anayekaanga kila siku hilo si jambo la kusimamisha kazi: unapaka dawa, unafunga kitambaa, unarudi kwenye karai. Lakini lile jeraha liligoma. Wiki ya tatu lilikuwa bado bichi, wiki ya tano likaanza kutoa maji. Siku hizohizo nilikuwa naamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, nikirudi kitandani nakunywa maji kama niliyetoka kulima, na sketi zangu zilianza kunishuka kiunoni.

Kila dalili nilikuwa na jibu lake. Kukojoa, ni maji mengi. Kiu, ni joto la jiko. Kupungua, nilishukuru Mungu. Macho kuweka ukungu jioni, nilisema ni moshi wa mkaa. Binti yangu ndiye aliyekuta sisimizi wamejaa chooni asubuhi moja, akaja kusimama mlangoni akaniambia, "Mama, funga banda leo. Twende tukapime sukari."

Mimi ni mama lishe. Nina miaka kumi na sita napikia mafundi wa gereji Chang'ombe, Dar es Salaam, na nyumbani ni Tandika. Ninayoandika hapa ni ya mtu anayeishi na kisukari cha aina ya pili huku amezungukwa na wali, chapati na maandazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mimi si daktari. Namba nitakazotaja ni za mwili wangu, na dawa nitakazotaja ni zile nilizoandikiwa mimi.

Mashine ya kupima sukari iliandika 19.4 (milimoli kwa lita). Nesi akapima tena kidole kingine, ikaja 19.1. Wakanipima na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kikasoma asilimia 10.6, na kuanzia 6.5 tayari unahesabiwa una kisukari. Nilikuwa na miaka 46 na kilo 91. Niliandikiwa metfomini na glibenklamidi, nikaambiwa nipunguze wanga na sukari, nifanye mazoezi, nirudi baada ya mwezi. Foleni ilikuwa ndefu, na maelezo yale hayakufika dakika tano. Nilitoka na kimfuko cha dawa nikiwa na aibu ya kuuliza swali moja: mtu anayepika wanga kwa riziki anaupunguza vipi?

Kwa kuwa sikuuliza, nikajitungia jibu. Niliacha kula. Siku tisa nilikunywa chai ya rangi bila sukari na kula kabeji ya kuchemsha, huku dawa nameza zote kwa wakati. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, nikiwa nasonga ugali wa wateja, mikono ilianza kutetemeka hadi mwiko ukaniponyoka. Jasho lilikuwa linanitoka la baridi, moyo unadunda, na sauti za watu nazisikia kwa mbali. Kijana mmoja wa gereji ambaye bibi yake ana sukari ndiye aliyetambua. Alifungua soda akaninywesha, akawa anasema, "Kunywa, Mama Zai, kunywa tu usiogope." Baada ya robo saa nikawa naona watu tena.

Nesi wa kliniki, siku nilipomsimulia, aliweka kalamu chini akanieleza taratibu. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, umekula au hujala. Ukiimeza bila chakula, sukari inashuka kupita kiasi, na chini ya 4 ni hatari. Ukijisikia hivyo na mashine ipo, pima upesi. Kama haipo, usisubiri: chukua gramu 15 za sukari, yaani nusu chupa ndogo ya soda au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula. Metfomini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Yenyewe ilinisumbua tumbo tu, na nilipoanza kuimeza katikati ya mlo badala ya kabla, tumbo likatulia. Tangu siku ile mkoba wangu hautoki nyumbani bila pakiti ndogo ya sukari. Kama umeandikiwa dawa za aina hiyo, tafadhali usijinyime chakula kwa kukurupuka kama nilivyofanya. Punguza chakula na daktari akijua, ili na dawa ipunguzwe.

Kosa la pili lilikuja na sura nzuri. Shoga zangu waliniambia sembe ndiyo mbaya, nile dona. Sukari nyeupe ndiyo mbaya, nitumie asali. Na asubuhi ninywe uji wa ulezi, ni dawa. Nikafuata yote kwa moyo mweupe. Nilisonga dona mlima kama niliokuwa nasonga sembe, nikatia asali kwenye chai, nikanywa uji wa ulezi kikombe kile kikubwa cha bati. Mwezi ukaisha sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 12 na 13.

Hapo ndipo nilipotoa pesa ya mchezo wa upatu kununua mashine. Ilinigharimu Sh 55,000, na stripu 50, vile vipande vya kuwekea tone la damu, Sh 40,000, maana yake kila tone la damu ni Sh 800, karibu bei ya maandazi manne. Nimeona watu wengi wananunua mashine, wanapima kila asubuhi, wanasikitika au wanafurahi, stripu zinaisha, mashine inawekwa kabatini. Nami nilianza hivyo. Kisha nesi akanifundisha njia ambayo ndiyo iliyobadilisha maisha yangu: stripu mbili kwa swali moja. Unapima kabla ya kula, unakula kitu unachotaka kukijua, unahesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, unapima tena, unaandika. Mimi niliambiwa nilenge 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya saa mbili.

Daftari lile ninalo hadi leo, lina madoa ya mafuta. Uji wa ulezi kikombe kikubwa: kutoka 7.4 hadi 14.1. Niliurudia siku nyingine nisiamini, ukaja 13.6. Ulezi ni chakula kizuri, lakini ukishasagwa laini na kupikwa majimaji tumbo halina kazi nao, unaingia kwenye damu mbio. Dona mlima: 13.2. Dona ukubwa wa ngumi yangu, na mchicha wa karanga nusu sahani na dagaa: 9.0. Unga uleule, sufuria ileile. Dona lina pumba na kiini, ni bora kuliko sembe, lakini wanga ni wanga, na mlima ni mlima. Asali ilipandisha kama sukari. Juisi ya embe glasi moja: 13.9. Nusu ya embe dodo, nimelitafuna baada ya chakula: 9.8. Maharage na mboga bila wali, na kachumbari: 8.1, na nilishiba hadi magharibi.

Kwa hiyo sahani yangu ikajipanga yenyewe. Nusu ni mboga, na kwa mboga tumebarikiwa: matembele, mchicha, kisamvu, mlenda, bamia, nyanya chungu, biringanya, na zote ni bei ya mtu wa kawaida. Robo ni maharage, dagaa, samaki au yai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, muhogo au kiazi, na unachagua kimoja. Nilikuwa na mazoea ya kula wali na chapati na kiazi cha mchuzi kwenye sahani moja, bila kujua kwamba ni wanga mara tatu. Mboga natanguliza, ugali unafuata. Hakuna chakula cha dukani nilichonunua. Bili ya jikoni kwangu ilishuka, kwa sababu soda na mikate viliondoka.

Chai ndiyo iliyoniliza. Vijiko vitatu kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, miaka yote. Sikuacha kwa siku moja. Nilikwenda viwili kwa wiki mbili, kimoja kwa wiki mbili, nusu kwa wiki mbili, nikizidisha tangawizi na iliki. Leo ukinipa chai yenye kijiko kimoja naiona kama shira.

Pamoja na hayo yote, namba za mchana zilikuwa haziteremki, na sikuelewa. Mchana nilikuwa nakula sahani ndogo iliyopangwa vizuri, nikipima nakuta 12. Nilimwambia nesi mashine imeharibika. Akaniuliza, "Mama, unapopika, huonji?"

Nilirudi na swali lile kichwani. Kesho yake nilichukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikaliweka pembeni ya jiko. Kila nilipotaka kuonja, kiasi kile ambacho kingeingia mdomoni nilikiweka kwenye bakuli. Kipande cha andazi la kwanza kujua kama limeiva ndani. Kipande cha andazi la mwisho kwa sababu limebaki. Kijiko cha wali kusikia chumvi, kijiko kingine kusikia kama nazi imekolea. Ukoko. Pembe ya chapati iliyochanika. Upawa wa maharage, mchuzi na kipande cha kiazi chake. Mabaki ya sahani ya mtoto wa jirani ambayo sikutaka yamwagwe. Saa nane mchana nilifunua bakuli nikalimimina kwenye sahani ninayouzia Sh 2,500. Ilijaa. Nilikaa kwenye benchi nikaitazama ile sahani, wali umechanganyika na maandazi na maharage, na nikajua kwamba miaka yote ya banda nimekuwa nakula chakula cha mchana mara mbili bila kukaa chini hata mara moja.

Sasa naonja kwa ncha ya kijiko, na chumvi ya wali anaonja msichana ninayefanya naye kazi. Ndani ya wiki mbili sukari ya mchana ilishuka kuwa 9, mara nyingine 8. Kama kazi yako ni ya jikoni, au una watoto wadogo wanaobakiza, nakuomba ufanye jambo hili siku moja tu. Weka bakuli.

Upande wa mazoezi nilidhani lazima nikimbie, na mwanamke wa kilo 91 kukimbia barabarani Tandika niliona ni kujianika. Nikaanza na miguu yangu na khanga yangu. Kutoka bandani Chang'ombe hadi nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini na kitu. Wiki ya kwanza nilipanda daladala nikashuka vituo viwili kabla. Wiki ya nne vituo vinne. Mwezi wa tatu nikawa natembea njia nzima, siku tano kwa wiki, na ukijumlisha inapita dakika 150 ambazo tunaambiwa na wataalamu. Nauli ile nikaitia kwenye kopo la stripu.

Ila faida kubwa niliikuta kwenye kutembea baada ya kula. Nilifanya jaribio: ugali uleule, mboga ileile, siku moja nikakaa, siku nyingine nikanyanyuka baada ya kula nikatembea dakika ishirini hadi ukuta wa kiwanda na kurudi. Nilipokaa, 10.8. Nilipotembea, 8.3. Daktari alinieleza kwamba msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imekwama. Kwa hiyo misuli yenyewe nayo inafaa kuongezwa nguvu: jioni nakaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, napumzika, narudia mara tatu, na nanyanyua madumu mawili ya lita tano yenye maji.

Miguu nayo ina somo lake. Mwezi wa pili wa kutembea nilikuwa na kandambili. Nesi akinikagua kliniki alipitisha kijiuzi cha plastiki kwenye nyayo, akaniuliza nasikia wapi. Sehemu mbili za mguu wa kushoto sikusikia kitu, na hapohapo palikuwa na lengelenge limepasuka ambalo sikujua nimelipata lini. Niliogopa kuliko siku ile ya 19.4. Nilinunua raba za mtumba Sh 12,000, pana mbele, na soksi za pamba. Kila usiku naangalia nyayo kwa kioo kidogo nikishaziosha na kuzikausha hadi katikati ya vidole. Macho nayo yanapimwa mara moja kwa mwaka. Wanakutia matone ya kupanua mboni na huoni vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha.

Yapo mengine nisiyoyapenda kuyasimulia. Oktoba 2022, namba zilipoanza kupendeza, alipita bandani mtu anayeuza dawa ya unga wa majani. Aliahidi sukari itakwisha kabisa ndani ya siku arobaini, mradi niache "vidonge vya hospitali vinavyoua figo". Nilitoa Sh 80,000. Nikaacha vidonge vyangu vyote. Wiki ya sita kiu ilirudi, na mashine ikaandika 22.3. Namba ya simu ya yule mtu haikupatikana tena. Nilivyorudi kliniki nilitarajia kufokewa, lakini daktari alisema neno ambalo nimelishika: sukari iliyopanda kwa muda mrefu ndiyo inayoharibu figo. Watu wengi wanaogopa dawa kuliko ugonjwa, na wafanyabiashara wa namna hiyo wanajua. Iko hali ambapo mtu akipunguza uzito mwingi, hasa miaka ya mwanzo, sukari yake inakaa sawa bila dawa. Lakini anayeamua dawa ipunguzwe ni daktari anayeangalia vipimo, na hata hapo kupima hakuachwi.

Ramadhani ya 2023 nilikwenda kuuliza wiki nne kabla. Daktari alibadilisha saa na kiasi cha dawa, akanipa mipaka: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7 nafungua, hakuna kujadiliana. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi saumu, nilimuuliza shehe wetu na akanithibitishia. Shida kubwa ilikuwa meza ya futari: uji wa sukari, tambi, viazi vitamu, magimbi, kaimati. Nilichagua kimoja kila siku, nikafungua kwa maji na tende moja, nikala mboga na samaki, na sala ya tarawehe nikaiendea kwa miguu msikiti wa mbali.

Novemba 2023 glibenklamidi iliondolewa. Februari 2024 kipimo cha wastani kilisoma 6.4, na mizani kilo 78. Jeraha la mkono lilikwishapona zamani, limebaki baka jeusi.

Laiti ningeishia hapo. Desemba 2024 kaka yangu alifariki Tanga. Nilikwenda kuzika, nikakaa na mama yetu hadi arobaini. Siku zote zile tulikaa kwenye jamvi, sahani za pilau na wali zinapita, na kila anayeingia anakusihi ule kidogo upate nguvu. Sikuwa na moyo wa kukataa, wala moyo wa kutembea. Mashine ilikaa ndani ya begi. Nilirudi Dar nina kilo 83, na Machi 2025 kipimo kikasoma 7.9. Daktari hakunilaumu. Aliniuliza jina la kaka, nikamtajia, akaandika kipimo kipya cha dawa.

Nilianza upya na vituo viwili vya daladala, kama mwanamke wa 2022. Nimejifunza kwamba huzuni nayo inaingia kwenye daftari, na sasa pembeni ya namba naandika neno moja la siku yenyewe: msiba, usingizi mbovu, kodi, furaha. Yapo mambo yanayopandisha sukari bila tonge kuingia mdomoni. Asubuhi moja nilikuwa 9.3 sijala kitu tangu jana jioni. Ini lenyewe hutoa sukari alfajiri, na usiku ule sikuwa nimelala.

Na bakuli nimelirudisha pembeni ya jiko, kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kusahau. Wiki iliyopita saa nane mchana lilikuwa na vijiko vitatu vya wali na ukoko kidogo. Kipimo cha wastani kinarudiwa tarehe 24. Stripu zimebaki tisa, na swali ninalolitunzia mbili ni la ndizi mzuzu ya kuchemsha.